Maranda yanayochomwa yangetuliza kelele madarasani

Mhariri,

Katika karakana za useremala za Ndeeba, Kampala, maranda hurundikwa na kuchomwa, moshi ukiwasumbua wakazi, ilhali katika madarasa yetu mengi yenye bati tupu mwalimu hasikiki mvua inaponyesha.

Huko Ulaya, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nyuzi ndefu za mbao huchanganywa na saruji au magnesia (unga wa madini unaogandisha kama saruji) na kushindiliwa kuwa vibao vya dari. Sauti huingia katika vitundu vyake, ikasuguana na nyuzi na kugeuka joto dogo mno, hivyo mwangwi hupungua. Kazi hii inahitaji uangalifu: sukari iliyomo katika mti huzuia saruji kuganda vizuri, ndiyo maana aghalabu nyuzi hizo hulowekwa kwanza, na kibao kikipakwa rangi nzito vitundu huziba. Vibao hivyo havizuii kelele kupenya ukutani, wala wauzaji wasidai hivyo.

Naiomba Wizara ya Elimu na Michezo ivishirikishe vyuo vya ufundi kujaribu kutengeneza vibao hivyo kwa maranda ya misonobari na mikaratusi yetu, kuanzia shule moja ya msingi.

Fundi seremala,
Masaka