Safu ya hali ya hewa iongezewe saa za maji kujaa na kupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze upungufu ninaouona kila asubuhi katika safu yenu ya hali ya hewa, ambayo huwatajia wasomaji kiwango cha joto, wingi wa mawingu na saa ya kuchomoza jua, lakini haisemi lolote kuhusu saa ambazo bahari itajaa na kupwa. Kwa gazeti linalosomwa pwani, jambo hili si dogo.

Mimi ni mstaafu, na kwa miaka kadhaa sasa hutembea asubuhi kutoka Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, na nikijaliwa nguvu hufika Msasani. Nilianza kwa agizo la daktari, ingawa mke wangu hudai kwamba siku hizi natembea kidogo na kusimama sana, kwa kuwa nina daftari ninamoandika upepo, mawingu, ndege na mahali maji yalipofika. Daftari hilo limenifunza mambo ambayo wavuvi wanayajua tangu utotoni. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja maji ya bamvua, ambayo hapa Dar es Salaam hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Siku hizo tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, mwamba huwa wazi hadi mbali, na ndiyo siku za kinamama kwenda kuchokoa pweza. Kisha saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hata juma likiisha maji huwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Hata ndege huifuata ratiba hiyo. Vitwitwi, wanaotujia kutoka nchi za baridi za kaskazini kuanzia mwezi Agosti na wengi wao kuondoka ifikapo Aprili, hutawanyika kwenye tope na mwamba maji yakipwa. Nikiwakuta wamejazana juu ya mchanga mkavu, sina haja ya kuuliza bahari iko wapi.

Wageni wa ufukweni hawana habari hizi. Jumapili moja ya bamvua, msimu wa kusi, niliwaona vijana wanne wakienda kupiga picha kwenye ukingo wa nje wa mwamba, karibu na saa 5 asubuhi, maji yakiwa yameanza kurudi polepole kiasi kwamba huwezi kuyatambua. Watu wengi hudhani bahari hujaa kwa mwendo mmoja kwa saa zote sita, kumbe saa ya kwanza huongezeka kidogo tu, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne. Tena hayakuwafuata kutoka mbele walikokuwa wakitazama, bali yalipita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yao. Walipogeuka, mfereji uliokuwa wa kifundo cha mguu ulikuwa wa kifua na upepo ulikwisha kuchafua maji. Ngalawa iliyokuwa ikirudi ndiyo iliyowachukua.

Aidha, anayezijua saa za kawaida ndiye anayeweza kushtuka bahari inapozivunja. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya mwezi mpevu, mawimbi ya tsunami yaliyotoka Sumatra yalipofika kwetu, maji yalipwa na kujaa nje ya saa zake, na watu waliokuwa wakiogelea hapa Dar es Salaam walipoteza maisha.

Ninachoomba hakihitaji mtambo wala mtaalamu mpya. Saa za maji hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, kwa kuwa zinafuata mwezi na jua, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi. Mistari miwili chini ya kiwango cha joto ingetosha: saa za kujaa na kupwa, na upepo unakotoka. Kama nafasi ni finyu, niko radhi saa ya kuchomoza jua iondolewe, maana jua tunaliona wenyewe.

Msomaji wako,
Msasani, Dar es Salaam