Shoga, mi na Merv

Shoga yangu,

Za masiku? Wazima huko? Uliniuliza kwanini tukiongelea Asia ya Kati wenzangu wote wanautaja mji wa Samarkand mi nang'ang'ania mji wa kale wa Merv, sasa leo nimepata nafasi nikujibu.

Merv iko Turkmenistan, karibu na Bayramaly, sahivi ni magofu matupu. Ukiangalia ramani pale pote ni jangwa la Karakum, alafu kuna mto Murghab unashuka toka Afghanistan, ukifika hapo unagawanyika unaishia mchangani, hata baharini haufiki. Sasa watu wakajenga bwawa wakachimba mifereji, na misafara ya biashara ya Njia ya Hariri, ile njia ya kutoka China kwenda magharibi, ikawa inapumzika hapo maana ukitoka hapo ni mchanga tena. Na mji ulivyochakaa hawakujenga juu yake, walisogea pembeni, Erk Kala, kisha Gyaur Kala, kisha Sultan Kala, ndo maana leo unaona kuta za enzi tofauti ziko jirani jirani.

Abu Muslim, yule kiongozi wa uasi tuliyesoma habari zake, alianzia maeneo hayo hayo kuwapindua Bani Umayya, ukoo uliokuwa unashika ukhalifa, na mwaka 748 akauchukua mji. Baadae Khalifa al-Ma'mun akakaa Merv miaka kadhaa kabla ya kurudi Baghdad, yani ukhalifa mzima unaendeshwa toka kule jangwani!

Ila kinachonikaa moyoni ni maktaba. Yaqut, yule aliyeandika kamusi ya miji, alikuta maktaba kumi za wakfu, na anasema nyumbani kwake hapakosi vitabu mia mbili vya kuazima na vingi hata rehani hawakumdai, wewe fikiria ukarimu huo! Akaondoka Wamongolia wakiwa njiani. 1221 Tolui mwana wa Genghis Khan akauteka mji, watu wakachinjwa, wakabakizwa mafundi na wachache wengine.

Wengi wanaishia hapo kusimulia, na mi sikubaliani, kwasababu 1409 mtawala mmoja, Shahrukh, alijenga mji mwingine hapo pembeni na maji yakarudishwa, watu wakaishi tena. Kilichoumaliza kabisa ni miaka ya 1780 pale amiri wa Bukhara alipolivunja bwawa, mashamba yakakauka, watu wakahamishwa. Upanga uliua sana lakini mji ulirudi, maji yalipokatwa haukurudi.

Sasa nina ombi, kamusi ya Yaqut ipo na wewe Kiarabu unanishinda mbali, nisomee ile sehemu ya Merv alafu nirekodie voisi, hata ikiwa ndefu ntasikiliza yote.

Wako,
Shoga yako