Nani alimwona akivuka "bila kuchukua tahadhari"?

Ndugu Mhariri,

Bila shaka unaikumbuka taarifa mliyoichapa wiki iliyopita kuhusu mama aliyegongwa na gari akafariki katika barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, ile iliyomalizia kwa kusema kwamba marehemu alivuka barabara "bila kuchukua tahadhari". Mimi ni fundi cherehani, nimekaa barazani hapa Moshi kwa miaka 31, gazeti lenu nalinunua karibu kila siku, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Nikishalisoma silitupi, nalikatia mifano ya suruali na sketi za shule kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Baada ya kuisoma taarifa hiyo niliiendea mifano yangu pale ninapoitundika kwenye msumari, nikaipekua, nikayakuta maneno hayo hayo matatu kwenye paja la kaptura ya mtoto wa darasa la pili, katika habari ya miaka ya nyuma. Mtu mwingine, barabara nyingine, gari jingine, na hukumu ile ile.

Naomba kuuliza: aliyemwona ni nani? Marehemu hahojiwi. Dereva ana sababu zake za kusema hivyo. Askari alifika baada ya ajali, na mwandishi wenu, kama sikosei, alipiga simu tu. Katika hao wote hakuna aliyeona kama yule mama aligeuza shingo kulia na kushoto kabla ya kushusha mguu kwenye lami, lakini gazeti limechapa kana kwamba mtu alikuwa amesimama kando akihesabu.

Naandika kwa uchungu, na sitaficha kwa nini. Januari ya mwaka juzi, msimu wa sare, wakati sisi mafundi tunakesha, dada yangu mkubwa aliyekuwa na miaka 72 alikuja barazani kwangu kuchukua sketi na sweta ya mjukuu wake. Alipomaliza akavuka kurudi upande wa pili, na akavuka penye zebra, kwa sababu ni mtu wa kufuata taratibu kuliko mimi. Daladala ilisimama kumpisha. Noah iliyokuwa nyuma ya daladala haikutaka kusubiri, ikatoka kulia ikaipita daladala iliyosimama, jambo ambalo dereva yeyote aliyewahi kukanyaga chuo cha udereva anajua halifanywi mbele ya kivuko. Nilisikia breki kabla sijainua macho kwenye cherehani. Sketi ilikuwa imetoka kwenye mfuko na kulala barabarani, bado ina alama yangu ya chaki kwenye pindo, na dada alikuwa amelala hatua kadhaa mbele yake, mfupa wa paja umevunjika. Daladala iliondoka na abiria wake, yaani na mashahidi wake. Askari alipofika, akiwa na karatasi na kalamu lakini hana kipimio, alianza kupima alama za matairi kwa hatua za buti lake. Mimi futi kamba ilikuwa shingoni, kama kawaida ya fundi. Nikamwambia, "Afande, shika hii, hatua zinadanganya." Akanitazama akasema, "Mzee, wewe kashone." Katika ramani ya ajali aliandika mita 12. Kesho yake, Jumapili, kabla magari hayajaamka, nilipiga magoti kwenye lami na futi kamba yangu ya sentimita 150 nikapima alama zile zile, nikailaza mara 15. Hizo ni mita 22 na nusu. Mteja wangu mmoja anayefundisha fizikia alikaa barazani akapiga hesabu nyuma ya risiti, akasema kwamba hata dereva akipewa nafuu ya vumbi la barabarani, mwendo wake wakati anaanza kufunga breki haukupungua kilomita 58 kwa saa, na kwa lami kavu ulizidi 60. Hiyo ni barabara ya sokoni, Januari, saa tano asubuhi, ambako sheria inataka isizidi 50.

Mtu atasema kilomita kumi ni kitu gani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwenda kwa miguu anayegongwa na gari lililo katika mwendo wa 65 yumo katika hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya anayegongwa katika mwendo wa 50. Gari la mwendo wa 50 hula karibu mita 14 kwa kila sekunde, na dereva anayeshtuka hutumia walau sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Sasa niambie, Mhariri, kati ya bibi wa miaka 72 mwenye mfuko wa plastiki na mtu aliyekalia zaidi ya tani nzima ya chuma, tahadhari ilikuwa ya nani kwanza.

Maneno hayo matatu yana bei, na ndiyo sababu nimeacha kazi ya mtu mezani ili niandike barua hii. Tulipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, dada akatibiwa. Ndugu wa dereva wakaja nyumbani na sukari kilo mbili, maziwa na shilingi 60,000, wakatuomba tumalizane kifamilia. Hatukukubali, kwa sababu gari lilikuwa na stika ya bima kiooni, na bima ndogo, ile ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, haikuwekwa kwa ajili ya gari lake bali kwa ajili ya watu wengine anaoweza kuwaumiza. Ndivyo nilivyodhani. Ofisa wa kampuni ya bima alisoma taarifa ya polisi, kalamu yake ikasimama kwenye "alivuka bila kuchukua tahadhari, mahali ambapo alama za kivuko hazionekani", akaifunga faili kwa upole na kutuambia kwamba mama mwenyewe ndiye mwenye makosa. Wakili tuliyemwendea alitueleza mambo mawili ambayo sikuwahi kuyasoma kwenye gazeti lenu kwa miaka yote hii. Kwanza, hata mwenda kwa miguu akiwa na sehemu ya kosa, mahakama humpunguzia fidia kwa kiasi cha kosa lake, haimnyang'anyi yote. Pili, madai ya namna hii yana miaka mitatu tu tangu siku ya ajali, na ikipita mlango unafungwa. Muda wetu haujaisha, lakini dada anatembelea mkongojo, amechoka na safari za ofisini, na amesema tumwachie Mungu.

Na hizo alama ambazo hazionekani, alizifuta dada yangu? Zebra ya mbele ya baraza langu ilipakwa rangi mara ya mwisho wiki ambayo mgeni mkubwa alitarajiwa kupita, na siku mbili baadaye ikawa imekanyagwa na vumbi. Kwa hiyo mwenye jukumu la kupaka hakupaka, na asiyepakiwa ndiye aliyeandikiwa kosa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa mwenda kwa miguu haki ya kutangulia kwenye kivuko, lakini inaonekana haki hiyo inadumu kwa kadiri ya ubora wa rangi.

Wala usiniambie apite pembeni, kwa maana pembeni penyewe hapapitiki. Kutoka barazani kwangu hadi Soko la Mbuyuni njia ya waenda kwa miguu imejaa magari yaliyopandishwa matairi mawili, kijiwe cha bodaboda, marundo ya mitumba, na mtaro ambao mifuniko yake imeibwa yote isipokuwa mmoja, ambao nadhani umebaki kwa sababu umepasuka. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani analazimika kushuka barabarani, na akishashuka tayari "hajachukua tahadhari". Mgambo wanapokuja humfukuza huyo huyo mwenye beseni. Gari lililopandishwa kwenye njia ya miguu linabaki pale pale, mwenyewe akinywa chai.

Nimesoma kwamba Ufaransa, kwa sheria ya Julai 5, 1985, mwenda kwa miguu mwenye zaidi ya miaka 70, na vilevile mtoto aliye chini ya miaka 16, akiumizwa na gari hulipwa fidia ya mwili wake bila kuulizwa alivuka vipi, isipokuwa kama alijitafutia madhara kwa makusudi. Bima ya gari hulipa. Sikusema tuige kila kitu cha Wafaransa, maana hata mishono yao mingine haivaliki huku kwetu, lakini walitambua kwamba mzee na mtoto hawana miguu ya kulishinda gari mbio, na wakaliandika jambo hilo kwenye sheria badala ya kwenye hotuba za wiki ya nenda kwa usalama.

Ombi langu kwenu si kubwa. Kuanzia sasa, mwandishi yeyote anayetaka kuandika kwamba mtu alivuka bila kuchukua tahadhari aeleze kwanza vipimo vitatu: upana wa barabara pale alipogongewa, urefu wa alama za breki, na umbali hadi kivuko kilicho karibu ambacho rangi yake inaonekana kwa macho ya kawaida. Akikosa kimojawapo aandike tu kwamba mtu amegongwa na gari, na aishie hapo. Kama tatizo ni kifaa, nimekwisha nunua futi kamba mbili za mita 30, zile za mafundi ujenzi, na nimezifunga kwenye karatasi, tena karatasi ya gazeti lenu. Moja ni yenu. Ya pili nitampelekea yule afande, kwa kuwa kushona nimeshona.

Mwandishi wenu akiifuata futi kamba yake, atanikuta barazani kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Nitamwonyesha mahali penyewe. Aje kwa miguu kutokea stendi kuu, na anapovuka kuja upande wangu achukue tahadhari.

Ni mimi,
Fundi cherehani, Moshi