Fundi wa kijijini Uskoti hakufanya kazi peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu mfululizo wenu wa makala za Mapinduzi ya Viwanda, ambamo fundi wa kijijini Uskoti katika karne ya 19 amechorwa kama mwanamume mpweke aliyeinamia kazi yake hadi mashine zilipompokonya riziki. Nadhani mwandishi wenu amewasahau watu waliokuwa chumba kimoja na fundi huyo.

Chukueni Kilbarchan, kijiji cha wafumaji magharibi mwa Uskoti, ambako nyumba ya mfumaji iliyojengwa mwaka 1723 imehifadhiwa hadi leo. Kitanda cha kufumia, yaani chombo cha mbao cha kufumia nguo, kilikaa chumba cha chini, kwa kuwa unyevu wa sakafu ya udongo ulisaidia nyuzi zisikatike ovyo, na familia iliishi ghorofa ya juu. Mume ndiye aliyekalia kitanda hicho, lakini asingefika mbali kama mke au mtoto, pengine binti mdogo ambaye akiketi miguu yake haifiki sakafuni, hakumzungushia uzi wa mshindio, yaani unaopita kwa upana wa nguo, kwenye vijiti vidogo vilivyotiwa ndani ya chombo kinachorushwa kati ya nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu. Kijiti kikiisha uzi na kingine hakiko tayari, kazi inasimama. Kwa hiyo ujira wa wafumaji ulipoporomoka baada ya vita vya Napoleon kumalizika mwaka 1815, iliyopunjwa ni jasho la nyumba nzima, ingawa malipo yalihesabiwa kwa jina la mmoja.

Kwa waashi mambo yalikuwa mengine. Mwandishi Hugh Miller wa Cromarty, mji wa kaskazini mwa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1802 na kujifunza uashi akiwa kijana, ameeleza maisha ya mafundi waliolala katika vibanda vya pamoja mbali na kwao, wakijipikia wenyewe. Mwashi wa namna hiyo akiwa na mke, ni nani aliyebaki na watoto na shamba la viazi?

Sensa haitusaidii sana hapa. Ile ya mwaka 1861 iliuliza kila kaya ya Uskoti ina vyumba vingapi vyenye dirisha, jambo linalotufaa sana leo, lakini kwa mke wa fundi nafasi ya kazi mara nyingi iliachwa wazi au ikaandikwa tu kwamba ni mke wa mhunzi au wa mshonaji viatu. Karani, kwa maoni yangu, aliyatazama madirisha kwa makini kuliko mikono ya mwanamke huyo.

Hata hivyo, Waskoti walikuwa na desturi ya kumwandika mwanamke aliyeolewa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa, hata kwenye jiwe la kaburi, na rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo zilizoanza mwaka 1855 ziliifuata. Namwomba mwandishi wenu, kabla ya sehemu inayofuata, azisome rejista hizo pamoja na sensa, na safari hii awataje pia wanawake na watoto wa nyumba hizo.

Wenu,
Msomaji na mwalimu wa historia