Kaka, siku ile uliuliza kama timu yangu ilishinda

Kaka,

Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeuona: mteja wa nyumba ya Baba amepatikana, kila mtu aseme neno lake. Kule sikuweza kuandika, mashangazi wote wamo. Naandika hapa, mbele ya watu wasiotujua. Afadhali.

Usiuze. Hilo la kwanza, na nilitaka liwe la mwisho, lakini wewe unanijua.

Ni wewe uliyenipeleka Champion Hill, uwanja wa Dulwich Hamlet, klabu ndogo ya huku London kusini. Mimi na mpira wapi na wapi? Umetoka zamu ya usiku, macho mekundu, ukasema twende tukaone mchangani wa Wazungu, maana tiketi za Chelsea si za watu wa Peckham. Nikacheka jezi za pinki na buluu. Ukanikataza nisicheke, ukanihadithia habari za Hussein Hegazi, Mmisri aliyekuja Uingereza kusoma, akaanza kuichezea Dulwich Hamlet mwaka 1911. Fulham wakamwita, akawachezea mechi moja na bao akafunga. Pa Wilson, yule mzee aliyeianzisha Hamlet mwaka 1893, akamfuata mpaka nyumbani, na kijana akarudi kwa waliompokea kwanza. "Mtu ni huyo," ukaniambia. Ni maneno yako hayo, si yangu. Ukaniambia na ya Edgar Kail, ambaye njia ya kuingilia uwanjani ina jina lake: mabao zaidi ya 400, akaitwa timu ya taifa ya Uingereza mwaka 1929, akawafunga Wafaransa mawili, na bado akakataa kucheza kwa mshahara. Nilimwona mjinga. Wewe ulimwona mfalme.

Kisha ukarudi Tanga, ukaniachia chumba, sufuria na timu.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukunipa nafasi ya kulieleza. Machi 2018 wenye uwanja, watu wa biashara ya majumba, walitufungia milango. Uwanja uliochezewa mechi ya Olimpiki mwaka 1948! Hata jina la klabu lilikuwa limesajiliwa na watu wengine, ikaja barua kwamba Dulwich Hamlet wasijiite Dulwich Hamlet. Tukahamia uwanja wa Tooting & Mitcham, wapinzani wetu wa zamani, tukawa kama wapangaji waliotolewa vyombo nje. Na Mei ile ile tukaingia fainali ya kupanda daraja, dhidi ya Hendon. Fainali ya 2016 tulifungwa. Ya 2017 tulifungwa. Hii ikaenda kwenye penalti.

Simu ilikuwa mfuko wa koti, upande wa kushoto. Niliisikia ikitetema. Nikasema moyoni, ngoja wapige hii moja. Ikatetema tena. Ngoja na hii. Tulipopanda daraja na watu wakamiminika uwanjani, ndipo nikaitoa: simu saba, zote zako.

Nimepiga hesabu hii usiku mwingi, Kaka. Baba alifariki magharibi, akazikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Ningepokea simu ya kwanza, bado ningepanda ndege ile ile, na bado basi la Dar lingenifikisha Tanga kaburi limeshafukiwa. Dakika ishirini zile hazikuninyima mazishi. Bahari, anga, tiketi, ndivyo vilivyoninyima. Hili ulilijua.

Ulilijua, na bado siku ya hitima, wanawake wamejaa mikekani, mimi bado na vumbi la safari, ukasimama mlangoni ukasema kwa sauti: "Muulizeni huyu kama timu yake ilishinda." Shangazi mkubwa akaacha kupepeta mchele, ungo ukabaki hewani. Nami, Mungu anisamehe, nikajibu: "Ilishinda. Kwa penalti."

Najua nililosema. Hata wewe ungekuwa mimi usingelisema, labda, lakini ungekuwa mimi usingeulizwa vile.

Desemba mwaka ule ule tulirudi Champion Hill. Watu walipiga kelele, wakaandamana, wanasiasa wakaingilia, milango ikafunguliwa. Nilisimama pale ulipokuwa ukisimama, nyuma ya goli. Ndiyo maana nasema nyumba isiuzwe. Sisemi kwa sababu ya fedha, na si kweli kwamba mimi niliye Ulaya sina shida nazo. Nina shida nazo kuliko unavyodhani. Ufunguo wa mlango wa uani ninao. Alinipa Baba mwenyewe.

Na kwa kuwa uliwahi kuuliza matokeo: mwaka 2023 tulishuka daraja. Cheka, nimekuruhusu.

Nipigie tuzungumze. Ila Jumamosi usipige kabla ya saa mbili usiku za huko.

Mdogo wako.