Shukrani kwa dada wa pale stesheneri

Dada yangu, sikuwahi hata kukuuliza jina, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani. Umeme ulikatika tukiwa kwenye foleni ya kutoa kopi, ukaniona nimekodolea macho notsi zangu za QT, ule mtihani wa maarifa. "Kaka, nini kinakusumbua?" Nikakujibu: aina za maneno za Kiingereza.

Ukaokota karatasi iliyoharibiwa na mashine, ukaandika neno moja tu: "light". "Turn on the light", hapo ni nomino. "Light the stove", limeshakuwa kitenzi. "A light bag", sasa ni kivumishi. Ukasema aina ya neno haikaririwi kama majina ya mikoa. Tazama neno limekaa wapi kwenye sentensi na linafanya kazi gani. Vitabu vyangu vinatoa orodha ya aina nane, basi, vimemaliza.

Tena ukanionya kuhusu "-ly": "quickly" ni kielezi, lakini "friendly" ni kivumishi, kwa hiyo ni "a friendly teacher". Na kivumishi chao hutangulia nomino, wakati sisi tunasema mwalimu mpole. Vihusishi uliviruka, eti nitavizoea kwa kusoma. Haya, ila "in", "on" na "at" bado vinanitoa jasho!

Umeme uliporudi ukachukua kopi zako ukaondoka, hata soda hukuisubiri. Karatasi yako nimeibandika kwenye daftari, na wenzangu wa masomo ya jioni wameshaitolea kopi. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie.