Wenye wazee wa vitochi bado tunahitaji simu ya mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba sisi tulioko Ulaya tumewasahau wazee wetu hata kwa simu, wakati "WhatsApp ni bure". Maneno yake yameniuma kidogo, lakini sitaki ugomvi. Nataka kueleza jinsi ninavyopiga simu kwa bei ninayoimudu, maana najua wengi huku wanakatwa hela nyingi bila sababu, na wengine wameacha kabisa kupiga.

WhatsApp ni bure kwa mwenye simu janja, mwenye bando na mwenye macho. Mama yangu mkubwa, aliyenilea, anaishi Pangani na simu yake ni kitochi. Tulimnunulia simu janja, wajukuu wakaichukua kuchezea gemu, naye wala hakuisikitikia. Tukajaribu kupitia simu ya kijana wa jirani. Mtandao haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mtu mzima hawezi kueleza habari za mkojo wake, wala za kiwanja kinachogombaniwa, huku kijana wa watu kasimama mlangoni anasubiri simu yake. Basi ikawa shikamoo, marahaba, hatujambo, wasalimie wote, kwaheri. Hayo si mazungumzo.

Mimi naishi Reading, Uingereza, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani kwao. Simu ya mezani hapa haijapotea kama huko nyumbani. Ukilipia intaneti ya nyumba, mara nyingi namba ya mezani inakuja humo humo. Ya kwangu iko ukumbini, karibu na mlango. Ya mkononi hupoteza mtandao nikihama chumba, ile ya ukumbini sauti yake imetulia, na kwa mzee mwenye sikio zito hilo si jambo dogo.

Sasa bei. Njia ya hasara kuliko zote ni kunyanyua mkono wa simu na kupiga 00255 moja kwa moja bila mpango wowote. Kampuni nyingi hapa zinatoza ada ya kuunganishwa pale tu simu inapopokelewa, halafu zinahesabu dakika kwa kukamilisha juu: ukiongea dakika moja na sekunde mbili, umelipa mbili. Ukikatikiwa ukapiga tena, ada ya kuunganishwa inaanza upya. Ipo mipango ya mwezi ya simu za nje, lakini soma maandishi madogo uone kama bei nzuri ni ya simu za mezani tu za nchi ile au na za mkononi. Nani Pangani ana simu ya mezani siku hizi?

Kadi za kukwangua bado zinauzwa kwenye maduka ya Waafrika, pale kaunta karibu na unga wa sembe na dagaa. Bango linaahidi dakika chungu nzima kwa paundi 5. Dakika hizo utazipata ukiongea mara moja bila kukata. Ukiigawa kadi kwa simu kadhaa, kuna makato ya kila simu, na zipo kadi zenye makato ya kila wiki hata usipopiga. Kwa mtu anayepiga mara moja moja sizipendekezi.

Njia iliyonifaa kwa muda mrefu ni ya namba ya kupitia. Unajiunga na kampuni, unaweka salio, unaandikisha namba yako ya mezani. Ukitaka kupiga unapiga kwanza namba yao ya hapa hapa Uingereza, mtambo unakutambua kwa namba yako, kisha unabonyeza namba ya Tanzania. Hapa msomaji aliye Uingereza atulie anisikilize. Angalia hiyo namba ya kupitia inaanza na tarakimu gani. Ikianza na 084 au 087, ikimbie. Tangu Julai 2015 namba hizo zinatozwa mafungu mawili, moja la kampuni yako ya simu na moja la mwenye namba, na kwa kawaida haziingii kwenye dakika za kifurushi chako. Ikianza na 01, 02 au 03, hiyo ndiyo. Kwa kanuni za Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa hapa Uingereza, 03 inatozwa sawasawa na namba za kawaida za 01 na 02, na kama kifurushi chako kina dakika za namba hizo, 03 nayo imo. Kwa hiyo kipande cha ndani ya Uingereza hukilipii zaidi, unalipia cha Tanzania tu, kutoka kwenye salio lako. Jambo moja la kukumbuka: vifurushi vingi vinakubali saa moja tu kwa simu moja. Ikikaribia dakika ya 60, kata, piga tena. Mama mkubwa ameshazoea. Nikimwambia nakata napiga tena, anasema nenda tu mwanangu, na mimi nikoroge uji.

Zamani palikuwa na njia nyingine, ya kutanguliza tarakimu chache za kampuni ya pembeni kabla ya namba unayopiga, ili simu ipite kwao. Kwangu njia hiyo ilikufa siku laini yangu ilipohamishiwa kwenye intaneti. Wengi wataikuta hali hiyo, kwa sababu mtandao wa zamani wa simu Uingereza unazimwa, na mwisho uliowekwa ni Januari 2027. Kwanza ilisemwa Desemba 2025, ikasogezwa, na sababu mojawapo ni wazee wanaovaa kitufe cha dharura shingoni, kile wanachobonyeza wakianguka kiite msaada kwa simu. Wale ninaowahudumia wanacho karibu wote, na ninajua hofu yao. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kwenye mtambo wa simu wenyewe; taa zikizimika mtaa mzima, yenyewe inaita. Hii mpya inachomekwa kwenye rauta, kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, na umeme ukikatika rauta inazima, na simu nayo. Mwenye mzazi hapa Uingereza aulize kampuni yake habari za betri ya akiba. Ni haki ya mtu asiye na njia nyingine ya kupiga 999, namba ya dharura ya hapa, na hapaswi kuombaomba.

Lakini kuhama huko kumetufungulia mlango mmoja, na ndio ninaotumia sasa. Kama simu inapita kwenye intaneti, si lazima ipite kwa kampuni ile ile inayokuuzia intaneti. Kipo kisanduku kidogo, kinaenea kiganjani. Upande mmoja unachomeka waya kutoka kwenye rauta, upande wa pili unachomeka simu yako ile ile ya mezani. Unafungua akaunti kwa kampuni ya simu za intaneti, wanakupa jina, nywila na anwani ya seva, unaviandika kwenye ukurasa wa mipangilio wa kisanduku. Taa ya simu ikiwaka kijani, nyanyua, utasikia mlio kama kawaida. Wengi wanatoza kwa sekunde, hawana ada ya kuunganishwa, na salio halikatwi usipopiga. Kinachowakwaza watu ni kichwa cha waya. Simu za Uingereza zina kichwa kipana chenye kindoana ubavuni, na tundu la kisanduku ni lile dogo la simu za nchi nyingine. Kiungio chake ni cha bei ndogo sana, lakini asiyejua hurudisha kisanduku dukani akidhani ni kibovu. Na usisahau kuandikisha anwani ya nyumba yako kwenye hiyo akaunti, ili ukipiga 999 wajue wakufuate wapi.

Waliokuwa wakipiga simu za kawaida kwa Skype wanajua ilifungwa Mei 2025. Zipo programu nyingine za namna hiyo kwenye simu janja, na vijana wangu wanazitumia. Mimi nataka mkono wa simu sikioni.

Pamoja na ujanja wote huu, Mhariri, dakika ya Tanzania bado ni ghali. Kupiga India kwa kisanduku hicho hicho ni peni chache sana kwa dakika. Kupiga Tanzania, bei ni mara kadhaa ya hiyo. Si kampuni ya huku inayojitajirisha peke yake. Kila simu inayoingia, mtandao wa huko unaipokea kwa malipo. Ndani ya nchi TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizishusha ada hizo za maingiliano hatua kwa hatua, kutoka Sh15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi Sh2 mwaka 2022, na hilo nawapongeza. Simu ya kutoka nje haikuingizwa katika hesabu hiyo. Naelewa kwamba fedha za kigeni zinatakiwa. Lakini tazama ni nani amebaki kuzilipa. Mfanyabiashara anaongea kwa WhatsApp, kijana anaongea kwa WhatsApp, mwenye pesa zake anaongea kwa WhatsApp. Aliyebaki kwenye simu ya kawaida ni yule mwenye mzazi wa kitochi. Wahusika wakiipunguza, sidhani kama watapungukiwa. Watu wataongea zaidi.

Na nyinyi mlioko nyumbani nina neno nanyi. Simu ikipitia njia hizi, mara nyingi namba inayotokea kwenye kioo chenu si yangu. Inaweza kuwa ngeni, inaweza isionekane kabisa. Najua mmechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mna haki ya kuogopa namba msiyoijua. Lakini kuipokea simu iliyotoka nje hakukukati salio, na sauti ya ndugu yako unaijua. Anayeomba hela, mkatie. Vilevile, jamani, mkitubipu kwenye simu ya mezani hatujui ni nani. Zipo simu za mezani zisizo na kioo cha kuonyesha namba, na kama ninacho, nikiwa kazini sikioni. Tumeni ujumbe kwenye ya mkononi.

Sisi na mama mkubwa tumepanga siku na saa. Jumapili, saa tisa alasiri kwa saa za huku. Wakati wa joto la huku Uingereza ni saa kumi na moja Pangani, ametoka kuswali alasiri na kupumzika. Mwishoni mwa Oktoba saa za huku zinarudishwa nyuma, simu yangu inamkuta saa kumi na mbili anajiandaa kutia udhu wa magharibi, ananijibu kwa haraka haraka. Basi kuanzia hapo mpaka mwisho wa Machi napiga saa nane.

Kama kuna msomaji aliyeko Muscat, Toronto au kwingineko anayejua njia nafuu kuliko hizi kwa simu ya mezani, namwomba aiandike humu humu gazetini. Bei za huko sizijui, na ndugu zangu wako huko pia.

Wako,
Binti wa Pangani,
Reading, Uingereza